Mvuke Wenye Ladha

Huenda ukashangaa kuona kurasa hizi, zilizozoea kuzungumza juu ya malezi na adabu na ujirani mwema, leo zazungumza juu ya kifaa cha kuvutia mvuke. Usishangae. Kitu kikishaingia nyumbani mwa watu, kikawekwa juu ya meza pamoja na miwani na tasbihi, basi kimekwisha kuwa jambo la malezi, na mwenye nyumba asiyejua namna kinavyofanya kazi hawezi kukisema kwa kheri wala kwa shari. Hukumu ya kuvuta nawaachia mashekhe, kwani mimi si mwanachuoni. Mimi ni fundi wa redio hapa Mombasa tangu ujana wangu, na waya zinazopata moto nimezishika miaka mingi: za pasi, za birika, za jiko la umeme. Kwa hayo tu ndiyo nasema.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, anakaa Leicester, Uingereza. Alivuta sigara miaka 18, pakiti nzima kwa siku, na kila alipojaribu kuacha alirudi kabla ya mwezi kwisha. Kilichomwachisha ni kifaa hiki. Alipokuja likizo waya wa kifaa ulikatika, akaniletea dukani. "Mjomba," akaniambia, "nina kazi ndogo, lakini nachelea utanikasirikia." Sikumkasirikia. Nilivaa miwani nikakifungua, na nasema kwa ukweli wa kifundi, niliyoyaona ndani yalinipendeza.

Asili ya vifaa hivi ni Uchina. Aliyevianzisha kwa sura tuijuayo leo ni mfamasia mmoja aitwaye Hon Lik, mwaka 2003, naye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mpaka leo vingi hutoka katika mji wa Shenzhen. Viko vya kutupwa, vyenye rangi za peremende, ambavyo Uingereza ilipiga marufuku kuuzwa tangu tarehe 1 Juni 2025. Viko vya kubadilishwa kichwa kilicho tayari. Na kiko hiki cha mpwa wangu, ambacho mwenye nacho hukijenga upya kwa mkono wake: hukata waya, akausokota, akatia pamba, akadondosha maji yake. Sehemu hiyo ya juu inayogeuza maji kuwa mvuke ndiyo waiitayo atomaiza. Wanaovitumia wamegawanyika makundi mawili. Wengine wataka wingu kubwa la kujaza chumba, na hao siwaelewi. Wengine wataka ladha, na mpwa wangu ni wa hawa.

Tofauti ya makundi haya mwanamke yeyote wa pwani anaijua bila ya kufundishwa, kwani ni elimu ya chetezo. Ukitia udi juu ya kaa linalowaka kwa ukali, utapata moshi mwingi wa kuumiza macho na harufu ya kuungua. Bali mama akilifunika kaa kwa jivu kidogo, joto likapanda polepole, udi hutoa harufu yake yote na moshi ukawa haba. Atomaiza ya ladha ni vivyo hivyo. Hutiwa koili moja tu, si mbili. Chumba chake cha ndani ni kidogo na dari yake imeinama kama kuba, ili mvuke usitawanyike ukapoa kabla ya kufika mdomoni. Tundu la hewa ni jembamba, nalo hupuliza karibu kabisa na koili, chini yake au ubavuni mwake. Tundu la chini hutoa ladha kali zaidi, lakini ukizidisha maji huvuja na kuchafua mfuko wa kanzu. La ubavuni huvuja kwa nadra. Kwa mtu msafiri ningechagua la ubavuni. Mpwa wangu hakukubali, na kanzu ni yake.

Sasa koili. Waya tulioutumia ni wa chuma kilichochanganywa na kromi na alumini, ambao Waswidi huuita Kanthal, nao ni ndugu wa waya wa jiko la umeme. Nilichukua wenye unene wa milimita 0.4, nikauzungusha mara 6 juu ya ncha ya bisibisi yenye upana wa milimita 3, nikaufunga kwa skrubu zake mbili. Mita ilisoma omu 0.8, kama nilivyotazamia. Kisha yataka uupitishie umeme kidogo kidogo, hali ya kuwa bado hakuna pamba, uone wekundu unaanza katikati na kuenea sawasawa hadi pembeni. Ukiona wekundu umeanza upande mmoja, ujue mizunguko haikukaa vizuri. Ikwangue taratibu kwa kibano cha kauri mpaka ikae. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, halafu hulaumu maji kwa ladha mbaya.

Pamba ndiyo iliyonishinda siku ya kwanza. Iwe safi isiyotiwa dawa, na ipite ndani ya koili kwa kugusa tu, kama uzi ndani ya tundu la sindano ya marikiti. Ikibana mno, maji hayapandi, na ukivuta waunguza pamba kavu. Moshi wake wakereketa koo vibaya, wala si wa kuvumiliwa kwa ushujaa. Ikilegea mno, maji huchuruzika. Ncha zake zikatwe fupi, zilazwe kwenye kisima cha chini, na zilowe kabisa kabla ya kuwasha. Kila baada ya siku chache hutolewa ikatiwa nyengine, kwani sukari za bandia zilizomo katika maji hugeuka makaa meusi juu ya waya. Mtu avutaye maji matamu sana hubadilisha pamba kila siku, na hilo peke yake lingetosha kumpa mawazo juu ya kile akivutacho.

Hapa naomba nisimame kidogo juu ya hatari ya umeme, kwani vijana huipuuza. Betri ya vifaa hivi, ile ya duara iitwayo 18650, ikijaa huwa na volti 4.2. Gawa kwa omu 0.8 upate ampea 5 na kidogo, na betri nzima haioni taabu. Lakini mwenye kutaka wingu kubwa hushusha omu hadi 0.1, na hapo ampea ni 42, ilhali betri nzuri za namna hiyo hustahimili 20 au 30 tu, na za magendo chini ya hapo. Tena viko vifaa visivyo na kinga yoyote ndani, bomba na swichi basi. Mwezi wa Mei 2018, katika mji wa St. Petersburg, Florida, mtu mmoja aliuawa na kifaa kilicholipuka akikivuta. Asiyekuwa na mita ya kupimia omu asisokote koili. Na betri iliyochanika ngozi yake ya plastiki, au inayobebwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, itupwe au ihifadhiwe kwenye kibweta chake. Hilo si jambo la kujadiliana.

Maji yenyewe ni mchanganyiko wa glisarini na propilini glaikoli, pamoja na ladha na nikotini. Glisarini huzidisha wingu. Hiyo nyengine huchukua ladha vizuri zaidi, kwa hiyo mtafuta ladha hupendelea iwe nyingi kidogo. Kwetu sisi yako mawili ya kutazama. Glisarini yaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya wanyama, na alama ya VG juu ya chupa maana yake ni ya mimea. La pili, baadhi ya ladha huyeyushwa kwa alikoholi, basi mtu asome kilichoandikwa, na kisichoandikwa kitu asikinunue. Katika Ramadhani wala tusidanganyane: wanavyuoni wengi wamesema kwamba moshi wa sigara unaovutwa kusudi huifunguza saumu, na mvuke huu wavutwa kusudi vilevile.

Wauzaji husema kwamba ladha zote hizi ni zile zile zinazotiwa katika keki na peremende, kwa hiyo hazina neno. Hoja hii ni dhaifu. Tumbo lina kazi yake na mapafu yana yake. Mwaka 2000, katika mji wa Jasper, Missouri, Marekani, ilijulikana kwamba watu waliofanya kazi katika kiwanda cha bisi walikuwa wameharibika njia ndogo za pumzi wasipone, na sababu ikaonekana kuwa ni daisetili, dawa iletayo ladha ya siagi. Kuila walikuwa wakiila watu wengi bila ya madhara, wao waliivuta. Uingereza imeikataza katika maji ya vifaa hivi tangu sheria ya 2016, na sheria hiyo hiyo imeweka mwisho wa nikotini kuwa miligramu 20 kwa mililita. Chupa za mitaani zisizo na jina hazina mwisho wowote. Na mwaka 2019 huko Marekani wagonjwa wapatao 2,800 walilazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu, waliokufa wakiwa 68 kufikia Februari 2020. Wengi wao walikuwa wamevuta maji ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Nimeeleza yote haya kana kwamba jambo lenyewe ni la mita na bisibisi, na lau ingekuwa hivyo nisingeandika. Siku ya tatu ya likizo, mpwa wangu alikuwa kibarazani akivuta maji yenye ladha ya embe. Mjukuu wangu wa miaka 13 alipita, akasimama, akavuta pumzi. "Babu," akasema, "chanukia kama embe dodo. Naomba nionje."

Kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri, ndiyo maana kilinukia vile.

Usiku ule tulizungumza, mimi na mpwa wangu na mamake. Dada yangu alitaka kifaa kitupwe baharini. Mpwa wangu alijibu kwa adabu: "Mama, nikivuta yenye ladha ya tumbaku, moyo wanirudisha kwenye tumbaku. Embe ndilo lililonitoa." Neno hili si la kupuuzwa. Mwaka 2022 taasisi ya Cochrane, inayokusanya utafiti wa tiba na kuupima, ilisema kwamba upo ushahidi wa nguvu kuwa vifaa hivi vyenye nikotini husaidia watu kuacha sigara kuliko vibandiko na ubani wa nikotini. Nami nilimwona kwa macho yangu akipanda ngazi za nyumba yetu, ghorofa tatu, bila ya kusimama kukohoa. Dada yangu naye alikuwa na lake: "Wewe lilikutoa. Huyu mtoto litamwingiza." Na kweli, nikotini humnasa mtoto upesi kuliko mtu mzima, kwani ubongo wake bado wajengwa, na chupa moja ya maji yale ikinywewa na mtoto mdogo yaweza kumuua. Wala asiseme mtu kwamba madhara ya kuvuta miaka 40 yanajulikana. Kitu chenyewe hakijafika umri huo.

Hatukukubaliana kwa yote. Tulilokubaliana ni kwamba kifaa hakitakaa tena mezani. Chupa zitafungiwa kabatini. Atavuta juu ya dari baada ya watoto kulala, kwa joto la chini, wati 15 na si 30. Nikotini alikuwa amekwisha kuishusha kutoka miligramu 12 hadi 6, na nilimshauri ahesabu pia mililita anazomaliza kwa siku, kwani mtu akipunguza nikotini kisha akavuta maradufu, hakupunguza kitu. Ama mjukuu wangu, nilimfungulia kifaa mbele yake nikamwonyesha pamba ya siku nne. Aliishika kwa ncha za vidole, akainusa, akaenda kunawa mikono. Sidai kwamba kunawa huko kutamtosha maisha yake.

Habari zilienea mtaani kwamba mzee wa redio ajua kusokota koili. Wakija, nawauliza swali moja kabla ya kuwasha taa ya mezani: je, wewe ulikuwa mvuta sigara? Akisema ndiyo, namfanyia. Majuzi alikuja kijana wa miaka 19, mwanafunzi, mwenye heshima zake, akanijibu kwamba hajapata kuvuta sigara hata siku moja, ila apenda ladha ya zabibu. Nikamwambia kwa upole kwamba sitaweza. Aliniongezea pesa, nikakataa. Akaenda kwa fundi wa simu duka la tatu kutoka langu, naye akamfanyia kwa muda wa robo saa.

Aliporudi kupita mbele ya mlango wangu nilimwita. Nilimwomba kifaa, nikakipima: omu 0.2, yaani ampea 21, na betri yake ilikuwa imechanika ngozi. Nikaikata ile koili, nikamsokotea nyengine ya 0.8, nikampa na ngozi mpya ya betri. Sikumtoza kitu.