Nani Ataachilia Kwanza?

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, "Pasta, masomo yanaendeleaje?" Leo nawajibu, lakini jibu lenyewe limenichapa mimi kabla ya kukufikia wewe.

Unajua nilirudi darasani nikiwa na miaka 48. Jioni naingia chuo kikuu hapa Kisii, nakaa na vijana wa umri wa kifungua mimba wangu, tunasoma kompyuta. Muhula huu tulikuwa na somo la mifumo endeshi. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia programu zingine zote: Windows kwenye kompyuta, Android kwenye simu ambayo labda umeishika sasa. Kazi yake kubwa ni kugawa. Programu ni nyingi, prosesa ni chache, na kila programu inataka kuhudumiwa sasa hivi. Basi mfumo huipa hii sehemu ndogo sana ya sekunde, huisimamisha, huipa ile. Hubadilisha kwa haraka mno, hata wewe unasikiliza wimbo huku ukijibu ujumbe na kudhani hakuna anayengoja.

Hapo nilifurahi, nikaanza hata kuandaa mahubiri. Kisha tukafika kwenye mada ya mkwamo.

Mwalimu alieleza hivi. Programu ya kwanza imeshika printa, inangoja faili. Programu ya pili imeshika hilo faili, inangoja printa. Hakuna iliyoharibika. Hakuna kirusi. Kila moja ina sababu nzuri ya kungoja. Na zitangoja hivyo hivyo mpaka umeme upotee.

Kama hujaelewa, kumbuka barabara zetu za majani chai kule Nyamira wakati wa mvua. Probox imeingia kwenye daraja jembamba upande huu, lori la majani limeingia upande ule. Kila dereva ana nusu ya daraja, na kila mmoja anataka nusu ya mwenzake. Anayengoja mwenzake arudi nyuma atalala hapo.

Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uholanzi, aliuita mkwamo huu kumbatio la kifo. Mwaka 1971, Coffman na wenzake wawili wakaandika kwamba hutokea pale tu mambo manne yanapokutana. La kwanza, kitu kinachotakiwa hakiwezi kutumiwa na wawili kwa wakati mmoja. La pili, kila mmoja anashikilia alicho nacho huku akingoja cha mwenzake. La tatu, hakuna anayeweza kunyang'anywa. Lazima aachilie mwenyewe. La nne, kungojana kwenyewe ni duara: mimi nakungoja wewe, nawe unaningoja mimi. Vunja moja tu kati ya hayo manne, mkwamo umekwisha.

Nilikuwa naandika. Kalamu ikasimama.

Baba yetu alilala miaka sita iliyopita. Shamba lake liko Nyamira, na hati bado ina jina lake. Hati hiyo ilikuwa kwenye sanduku langu la bati. Cheti cha kifo kiko kwa ndugu yangu mdogo, na kesi ya mirathi ilikuwa inangoja sahihi yake. Mimi nilisema, "Atie sahihi kwanza, ndipo nitoe hati." Yeye alisema, "Atoe hati kwanza, ndipo nitie sahihi." Miaka sita. Mama anazeeka katikati yetu. Na ndugu yangu, tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni, alianza kuniita "Pasta", kama mgeni aliyekuja kuomba mchango.

Nami nilikuwa nikihubiri msamaha kila Jumapili.

Mwalimu akaendelea. Mifumo mingi, akasema, mkwamo wa programu haiushughulikii kabisa. Wataalamu huita hiyo mbinu ya mbuni: zika kichwa mchangani, ujifanye hakuna shida. Wapendwa, hiyo ni sisi. Kwenye mazishi tunaimba pamoja, tunapiga picha pamoja, tunarudi nyumbani na makaratasi yetu sandukuni.

Kisha iko njia ya kikatili: mfumo huchagua programu moja na kuiua, na kile ilichoshika kinakuwa huru. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nimezika watu wengi Kisii na Nyamira, na ninajua ni jamaa ngapi zinazongoja kifo kifanye kazi ambayo walio hai wamekataa kuifanya.

Njia bora ni kuvunja lile jambo la pili. Achilia ulichoshika hata kabla hujapata unachongoja. Soma Mwanzo 13. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, naye ndiye aliyemwachia Lutu achague ardhi kwanza.

Jumamosi nilipanda matatu kwenda Nyamira na bahasha kwapani. Nilitoa kopi kwanza, sitakuficha. Imani yangu bado inakua. Nilimpa ndugu yangu hati halisi. Sikudai sahihi. Nilisema tu, "Hii imekaa kwangu muda mrefu." Sitakwambia alilia, wala kwamba tulikumbatiana. Aliiweka bahasha chini ya redio, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, umekula?"

Wiki tatu zilipita kimya. Nilijuta mara nyingi usiku. Juzi Jumanne akanipigia simu, tukaenda kwa chifu pamoja kuchukua barua. Safari ya mahakamani bado ni ndefu, lakini daraja limefunguka.

Sasa nakuuliza wewe, mpendwa: umeshikilia nini? Labda ni hati. Labda ni neno "samahani", unangoja aliseme yeye kwanza. Labda ni salamu tu.

Lakini nielewe vizuri. Mjane aliyefukuzwa shambani hayuko kwenye mkwamo. Huyo amenyang'anywa. Usimwambie aachilie, msindikize kwa chifu, msindikize mahakamani. Mkwamo ni pale wawili wote wameshika kitu, na wote wanajiona wana haki. Mimi nilikuwa na haki, na haki yangu ilimweka mama yangu miaka sita katika kungoja.

Tuombe. Bwana, tuonyeshe tulichokishika. Tupe nguvu za kufungua mkono kabla ya mwenzetu kufungua wake, na uvumilivu wa zile wiki za kimya. Amina.

Leo usiandike tu "Amina" hapa chini. Mpigie simu kwanza. Mbarikiwe.