Maboga Yangu na Magugu ya Jirani

Kwetu Kilangala mwanamke husifiwa kwa uwanja wake. Mgeni akipiga hodi, kabla hajajibiwa amekwisha kutazama chini. Akiona pamefagiliwa, hapana jani wala unyasi, husema moyoni, "Nyumba hii ina mtu." Mimi nilipoolewa na kuletwa hapa, nilikuta nyumba ya mume wangu imezungukwa na majani ya kila namna, maana alikuwa akikaa peke yake, na mwanamume akikaa peke yake hafagii ila pale apitapo. Basi mwezi wa kwanza nilishika jembe. Nilikwatua pande zote nne mpaka mpakani, nikang'oa, nikakusanya, nikachoma moto, hata nyumba ikabaki katikati ya udongo mtupu kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

Watu walinisifu. Mama mkwe alipokuja kututembelea alizunguka nyumba mara moja, akasema, "Sasa hapa pana mke." Neno hilo nililibeba siku nyingi. Nikaongeza bogonvilia mbili mlangoni, vipandikizi nilivyopewa mjini Lindi, nikaona kazi yangu imekamilika.

Jirani yetu wa upande wa mashariki ni bibi mmoja wa Kiislamu, mjane, mzaliwa wa hapa hapa. Mbele ya nyumba yake hufagia vizuri kama mtu mwingine, lakini nyuma na kando ameacha mambo yajiotee. Kuna kivumbasi kinachofika kiunoni, kuna mchunga wenye maua ya manjano, kuna marejea, kuna lile jani la majimaji litambaalo, lenye maua madogo ya buluu. Tena kuna ule mmea mrefu wenye vichwa vya mviringo vyenye miiba, vimepangana kwenye shina moja kama ghorofa, na katika kila kichwa hutokeza maua ya rangi ya chungwa. Mimi nilikuwa na jina moja tu la vitu hivyo vyote: magugu. Nilimhurumia bibi wa watu, nikisema uzee umemshinda.

Miaka miwili ya kwanza sikuona shida, maana nyuma yetu kulikuwa bado na pori. Mwaka wa tatu pori hilo lilifyekwa lote kwa ajili ya ufuta. Mwaka huo nilipanda maboga upande wa magharibi wa nyumba, mwezi wa Desemba mvua zilipoanza. Yalitambaa vizuri ajabu. Nilipoona wadudu wanatoboa majani, nilichukua bomba la mume wangu nikapuliza dawa, kila wiki, asubuhi na mapema kabla ya jua kuwa kali. Maua yalitoka mengi, makubwa, ya manjano. Nikawaambia watoto kwamba mwaka huu tutakula maboga mpaka tuyachoke.

Lakini vile viboga vichanga vilifika ukubwa wa kidole gumba, vikageuka rangi, vikanyauka, vikaanguka. Leo viwili, kesho vitano. Kwa bibi jirani, maboga yalikuwa yamelala chini ya majani kama mawe ya mafiga.

Mama mmoja aliyepita akiniona nimeinama shambani alisimama, akaninong'oneza, "Mwenzangu, kuna watu wana macho." Hakumtaja mtu, nami sikumtaja mtu. Ila sote wawili tulitazama mashariki.

Ndugu wasomaji, dhambi huingia nyumbani kwa mlango mdogo kama huo. Tangu siku ile sikumpitia bibi asubuhi kumwamkia. Niliwakataza watoto kwenda kuomba moto kwake. Ramadhani ilikuwa imeangukia majira hayo hayo ya maboga, na jioni moja alimtuma mjukuu wake atuletee bakuli la futari. Lilikuwa boga lililopikwa kwa nazi. Nilipokea, nikasema ahsante, nikangoja mtoto aondoke, nikaenda kulimwaga nyuma ya choo. Usiku ule nilipokuwa nikisali Baba Yetu pamoja na watoto, nilipofika penye maneno ya kusamehe niliyapita upesi upesi kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Baada ya siku chache akaja bwana shamba kutazama ufuta wa mume wangu. Nikamwomba anitazamie na maboga, nikitumaini atataja ugonjwa fulani na dawa yake. Yeye hakutazama majani hata kidogo. Alichuma ua moja akanionyesha. "Mama, hili ni dume. Tazama, lina kikonyo kirefu na unga wa manjano katikati. Unga huu huitwa chavua." Kisha akainua jingine pasipo kulichuma. "Na hili ni jike. Chini yake limebeba kiboga kabla hata ya kufunguka. Chavua ya dume isipofika kwa jike, kiboga hiki hakina maisha. Nacho hakiendi kwa upepo, maana ni kizito, tena kinanata. Lazima kibebwe. Nyuki wako wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza, "Dawa unapuliza saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Ua la boga hufunguka alfajiri, likafunga kabla ya adhuhuri. Saa yako ya dawa ndiyo saa ya nyuki."

Alinieleza kwamba kiboga huweza kuanguka kwa sababu nyingine pia, kama ukame au nzi wa matunda, lakini akaniambia nifanye jambo moja: nikae nihesabu. Kesho yake nilichukua kigoda nikaketi penye maboga tangu mapambazuko mpaka saa tatu. Walikuja nyuki wawili. Saa tatu ilipofika niliondoka nikaenda mpakani, upande wa bibi. Kabla sijaona kitu nilisikia mvumo. Kulikuwa na nyuki wa asali juu ya kivumbasi, na nyuki wadogo wasiouma, na wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za dari, hao wakiwa wamening'inia kwenye marejea mpaka tawi linapinda. Nao walitoka huko wakaingia katika maua ya maboga yake, wakatoka wamepakwa unga wa manjano mgongoni kama waashi waliotoka kupiga chokaa.

Basi hapakuwa na jicho la mtu. Nyuki hawezi kuishi kwa maboga ya mwezi mmoja tu. Anahitaji maua kabla ya maboga na baada yake. Wengine katika wale wadogo hawaruki mbali na makao yao, nao hukaa katika vijiti vikavu na katika vishimo vya ardhi. Mimi nilikuwa nimewachomea chakula na nyumba, na waliosalia nikawapulizia sumu. Mchawi wa maboga yangu alikuwa mimi mwenyewe.

Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri. Siku ya tatu nilikwenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umepotea."

Nilimwambia yote, pamoja na habari ya bakuli. Alikuwa akichambua mchele katika ungo, na mikono yake ikasimama. Akakaa kimya mpaka nikataka kuinuka. Halafu akasema, "Lile lilikuwa na iliki." Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema tena, "Mtu akipungukiwa hutafuta mwizi. Hata mimi nilipofiwa na mume wangu nilimtafuta mtu wa kumtwika. Kesho njoo baada ya swala ya alfajiri, nikuonyeshe jambo."

Kesho yake alivuka mpaka akaja kwangu, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ianze. Alichuma ua dume, akalibandua yale mapana ya manjano, akabaki na kile kijiti cha katikati chenye unga, akakigusisha polepole ndani ya ua jike, huku na huku. "Hivi ndivyo tufanyavyo nyuki wakiwa wachache," akasema. "Lakini utaamka alfajiri ngapi? Wazee walisema fuata nyuki ule asali. Wewe umemfukuza nyuki, ukabaki unangoja boga."

Aliponipa mbegu za kivumbasi na marejea, nilizifunga katika upindo wa kanga. Sasa ni msimu wa tatu tangu siku hiyo, na napenda kuwaeleza akina mama wenzangu jinsi nilivyofanya, ili atakaye ajaribu.

Sikuacha kufagia. Mbele ya nyumba, njia ya kwenda chooni, na hatua kama kumi kuizunguka nyumba, hupafagia kila siku kama zamani, kwa sababu ya nyoka. Watu husema maua ya porini huleta nyoka, nami sisemi kwamba nyoka hawapo. Lakini nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha. Kuni zisilundikwe ukutani, mabaki ya chakula yasitupwe ovyo. Maua nimeyapa ukanda mmoja kando ya mpaka, upana wa hatua tatu, na watoto wanajua kwamba humo hawachezi.

Mbegu nilizimwaga mvua zilipoanza, katika udongo uliopekuliwa kidogo tu. Sikutia mbolea, maana haya ni maua ya hapa hapa, yanaujua udongo wetu na kiangazi chetu. Vijiti vikavu vya mwaka uliopita hukata nusu, nusu nikaacha vimesimama kwa ajili ya wale nyuki wadogo. Penye kiangazi nimepanda mishubiri, ambayo hutoa maua wakati mengine mengi yamekauka. Dawa kwenye maboga nimeiacha, na wadudu wa majani nawaokota kwa mkono. Mume wangu akipuliza mikorosho, husubiri siku isiyo na upepo, naye hakaribii ukanda huo.

Kuna mambo mawili ya kujihadhari. La kwanza ni lile ua zuri la porini lenye makucha mekundu na manjano kama ulimi wa moto, lipandalo juu ya vichaka kwa ncha za majani yake. Viazi vyake vya chini ni sumu ya kuua mtu, basi penye watoto lisipandwe. La pili, mizinga ya nyuki wa asali isiwekwe karibu na nyumba. Nyuki akija mauani ana shughuli zake, hana ugomvi na mtu, lakini akichokozwa nyumbani kwake ni hatari.

Na wageni tuliopata! Chozi huja asubuhi, dume anang'aa kama chuma kipya, akatia mdomo wake uliopinda katika maua ya rangi ya chungwa. Vipepeo huja jua likipanda. Mwanangu wa pili, ambaye zamani alikuwa fundi wa manati, sasa huniletea habari kila jioni, nani amekuja na nani hajaja.

Wapo wanaonicheka, kama mimi nilivyomcheka bibi. Huwajibu kwa kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la ukoo huo. Leo ua hilo la pori letu huuzwa katika vyungu duniani kote, watu wakaliweka dirishani na kulitunza kama mtoto. Nasi tunang'oa yaliyo ya kwetu ili tupande bogonvilia iliyotoka Marekani ya Kusini. Yangu mawili bado yako mlangoni, sina ugomvi nayo. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Hata marejea, ambayo mimi niliyaita gugu, Wabenediktini wa Peramiho waliwahimiza wakulima kuyapanda kwa ajili ya kurudisha rutuba ya mashamba.

Siwezi kusema kila kiboga changu hukomaa. Mwaka jana kiangazi kiliwahi, na mengi yalianguka. Lakini mwaka ule wa kwanza wa maua, msimu uliofuata aibu yangu, nilivuna maboga ya kutosha nyumba mbili.

Na bakuli la bibi lilikuwa bado kwangu. Nilikuwa nimelificha nyuma ya mitungi, sikuthubutu kulirudisha, maana desturi yetu bakuli la jirani halirudi tupu, nami sikuwa na la kutia. Boga la kwanza lililokomaa nililikata, nikalipika kwa nazi, nikatia iliki. Nililipeleka mwenyewe, sikumtuma mtoto. Bibi alifunua kawa, akanusa, akaniita mjukuu wake alete vijiko viwili.