Laki Tano na Elfu Kumi

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Tuliiita bumu. Ilikuja kwa mkupuo wa siku 60: ukishasaini, akaunti inasoma 510,000.

Mkupuo huo ndio ulionitesa. Nyumbani Singida, ambako mama huuza alizeti mara moja kwa mwaka, laki tano ni fedha ya mtu mwenye kazi. Habari kwamba bumu limetoka ilimfikia kupitia jirani mwenye mtoto chuoni, hata kabla sijafika benki. Simu zikaanza: sare za mdogo wangu, bati za jiko, mjomba kalazwa. Sikukataa, na hata leo sidhani nilipaswa kukataa. Wengi niliosoma nao walikuwa wakilisha nyumba mbili kwa posho ya tumbo moja. Wiki za mwisho tulipiga pasi ndefu: chapati na maharage saa tano asubuhi, basi, mpaka kesho. Njaa niliizoea. Kilichoniumiza ni kuona jina la mama kwenye simu nikaogopa kupokea.

Likizo ya mwaka wa pili aliniuliza mbona nimekonda hivi. Nikachukua daftari, nikamwandikia siku moja tu: kitanda, chakula, daladala, fotokopi. Akafuata kwa kidole mpaka chini, palipobaki mia chache.

“Kumbe ni hela ya siku, mwanangu. Mimi nilijua umelipwa.”

Shida za nyumbani hazikuisha, ila tukawa tunazipangia pamoja kabla bumu halijatoka. Viroba vya unga na dengu vikaanza kunifikia Ubungo kwa basi. Nami nikapata ujasiri wa kusema na wenzangu wa chumbani katika hosteli ya Mabibo. Tukaanzisha mchezo wa kupeana fedha, tukamteua kijumbe wa kuzikusanya, zamu tukazipanga ziangukie wiki za ukame.

Naamini kila mzazi angestahili kuandikiwa hesabu ile mtoto anapoanza chuo. Ingepunguza machozi mengi.

Sasa mshahara wangu unakatwa asilimia 15 kurejesha mkopo, na mdogo wangu ndiye aliye chuoni. Posho ilipanda kuwa 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Siku hizi mama ndiye anayewafafanulia wazazi wenzake, pale kwenye mashine ya kukamulia alizeti, kwamba laki sita ya mtoto wa chuo inatakiwa ifike siku ya sitini.