Mtindo Una Kwao

Babu alinunua Peugeot 404, pikapu, mwaka 1971, na sababu yake haikuwa ya kipekee hata kidogo. 404 ya kubeba abiria ilikuwa imeshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka ule wa 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Barabara za mashindano zilikuwa hizi hizi zetu, za vumbi na tope, kwa hiyo huku Masaka kila aliyepata pesa kidogo aliitamani 404. Babu naye akafuata mkumbo. Nayataja haya mapema kwa sababu siku hizi nyumbani wanamzungumzia kana kwamba hakuwahi kumwiga mtu.

Pikapu hiyo ilibeba matoke na kahawa hadi injini ilipokufa, kisha ikakaa chini ya mfenesi miaka kumi na minane. Mwaka jana binamu yangu, ambaye hukodisha magari ya harusi Kampala, alijitolea kulipia matengenezo. Ugomvi ukaanzia hapo. Mimi nilikuwa likizo, basi fundi wa Katwe tuliyempa kazi akanifanya msaidizi wake asiye na mshahara, na hivyo nikasikia kila neno la kila upande.

Binamu alikuja na simu iliyojaa picha za pikapu za zamani za Marekani: Chevrolet za 1947 hadi 1955, Ford F-100, C10 za 1967 hadi 1972. Ni nzuri, sibishi. Lakini baada ya picha ya thelathini sikuweza tena kutofautisha ya huyu na ya yule. Zimeshushwa mpaka bodi inakaribia kulamba lami. Zina rimu kubwa. Nyingi zimewekewa injini ya V8 ya General Motors, ya jamii ya LS. Na bodi zimeachwa na rangi iliyobabuka na kutu yake, kisha zikapakwa vanishi juu ili hali hiyo isibadilike. Wapo hata wanaokosa kutu ya kweli wakaichora kwa brashi. Binamu aliyataka yote hayo.

Fundi aliitazama picha moja kwa muda mrefu. "Mwenye gari aliishiwa pesa ya rangi?" akauliza.

Tulicheka, ila swali lake lilinikaa kichwani. Kutu hiyo ilianza kupendwa wapi? Katika majimbo kama Arizona na New Mexico hewa ni kavu. Gari likiachwa nje miaka arobaini, jua hula rangi lakini bati lenyewe hubaki zima. Sura ile ni ushahidi wa mahali. Sisi tuko karibu na Ziwa Viktoria, mvua haituachi. Nilipoigusa sakafu ya 404 kwa bisibisi, bisibisi ilitokea upande wa pili. Kupaka vanishi juu ya kutu ya namna hiyo ni kumpaka mgonjwa poda.

Kushusha gari nako kuna kwao. Vijana wa Los Angeles wenye asili ya Meksiko walishusha magari yao baada ya Vita Kuu ya Pili, wengine kwa kuweka tu mifuko ya mchanga kwenye buti, ili wapite mitaani taratibu wakati wenzao wakishindania kasi. Ulikuwa ubishi wao, kwenye lami yao. Njia ya kwenda kwa bibi ina mawe na mifereji. Gari lililoshushwa lingelala kifudifudi kabla ya kufika kanisani.

Kuhusu injini, hapo ndipo niliposhangaa. Zile LS zilianza mwaka 1997, zikafungwa katika pikapu nyingi mno, na leo zimejaa kwenye yadi za magari mabovu huko kwao. Zina nguvu, spea zake ni rahisi kupata, na kila fundi anazijua. Asiye na pesa nyingi angechukua nini kingine? Basi ndugu yake hapa kwetu ni injini ya Toyota kutoka soko la Kisekka, na fundi wetu aliipendekeza siku ya kwanza, kabla binamu hajafungua simu. Kwa maoni yangu, kati yetu sote yeye ndiye aliyefanana zaidi na wale Wamarekani, na hakuwa anamwiga yeyote.

Baba mdogo hakutaka kusikia habari ya Toyota. Kwake gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani Ufaransa: injini yake ya petroli iliyolazwa ubavu kwa nyuzi 45, gia kwenye usukani, rangi moja safi. Namheshimu, maana alijifunza kuendesha ndani yake. Tatizo ni kwamba kiwanda hakikuchomelea vyuma vinavyozunguka sehemu ya mizigo, wala hakikuandika MPOLA MPOLA, yaani polepole, kwenye mlango wa nyuma. Hayo ni ya babu. Kiswahili kinatenganisha asili na ubunifu, na baba mdogo, kwa kuilinda asili, alikuwa tayari kuufuta ubunifu pekee uliokuwa kwenye gari lile.

Bibi, ambaye kadi ya gari iko kwa jina lake, aliuliza jambo moja: "Litabeba ndizi?"

Injini ya Toyota imeshafungwa. Ile ya zamani imewekwa stoo, imepakwa grisi na kufunikwa turubai, ili baba mdogo alale. Sakafu ni bati jipya, rangi ni mpya isipokuwa mlango wa nyuma, ambao fundi aliusafisha kwa kitambaa na mafuta tu, akizunguka herufi moja moja. Springi hazikushushwa. Rimu bado. Binamu ameleta za inchi 18, baba mdogo ameficha zile za inchi 15 chini ya kitanda chake, na gari limesimama juu ya matofali wakati ndizi za bibi zinaiva.