Parti umepoteza, uiangalie tena



Wengi wenu munajua muchezo wa dame, ule wazee wanacheza na vifuniko vya chupa chini ya muti. Leo ninataka kuwaambia juu ya muchezo mwingine wa kibao, eshéki, ule vijana wanacheza siku hizi katika telefone.

Kibao kiko na vyumba 64. Kila mutu anapewa vipande 16: mufalme, malkia, minara miwili, farasi wawili, askari 8, na wale wawili ambao Wafaransa wanaita "wenda wazimu", lakini Waingereza wanaita "maaskofu". Musinichekelee, si mimi niliwapa majina! Mufalme akifungwa bila njia ya kutoroka, parti imekwisha.

Kijana wetu iko ku masomo Lubumbashi, mimi niko ku kazi hapa Kolwezi. Tunacheza katika programu ya Lichess, ambayo Mufaransa Thibault Duplessis alianzisha mwaka wa 2010. Haiombi hata franka moja, paka mega kidogo. Unaweza kucheza parti ya dakika 3, ya dakika 10, ao ile ya kupewa siku nzima kwa kila hatua. Siye tulichagua ile ya siku nzima: mimi ninasogeza kipande mbele ya kuingia ku kazi, yeye anajibu kiisha masomo.

Na ananishinda. Kwetu muzee kushindwa na mutoto wake si jambo ndogo. Aliniambia: "Papa, malkia yako unamutoshaka mbio sana." Ningeweza kusema mutoto hana heshima. Nilimujibu: "Nionyeshe." Tangu pale, kila siku ya Mungu kiisha Misa, ananipigia telefone na tunaangalia pamoja parti ya juma, hatua kwa hatua.

Njo vile siku moja, kiisha kuangalia parti, alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kama amepoteza masomo mawili ya mwaka. Mutoto anayeogopa hasira ya baba juu ya kipande cha muchezo, atathubutu kumuambia jambo kama lile? Tulitafuta pamoja fasi masomo yaliharibikia, sawa vile tunafanya na parti.

Sasa, mutu anaendelea namna gani katika muchezo huu?

Kwanza, cheza parti kidogo, za polepole. Mwenye kucheza parti 20 za dakika 3 kila usiku anajifunza haraka tu, hajifunzi kufikiri.

Pili, ukipoteza, usianze ingine palepale. Tafuta kwanza kwa akili yako fasi mambo yaliharibikia, halafu uache mashini ikuonyeshe. Kuna mutego Wafaransa wanaita "pigo la muchungaji": malkia na askofu wanamufunga mufalme kwa hatua 4 tu. Aliyeuangalia vizuri mara moja hanaswi tena.

Tatu, fanya mafumbo machache kila siku. Programu inayatoa bure.

Nne, usiwe mutumwa wa alama. Lichess inamuanzisha kila mutu na 1500; ukishinda zinapanda, ukipoteza zinashuka. Kuna wenye kuzifuata na hasira mpaka saa nane ya usiku, wakitaka kurudisha zile wamepoteza. Kesho yake mutu anapanda benne na usingizi katika macho. Wake wa wafanyakazi, munajua hatari ya jambo hili kuliko mimi.

Mutakatifu Teresa wa Avila, aliyezaliwa mwaka wa 1515, aliujua muchezo huu. Katika kitabu alichoandikia masista wake, Njia ya Ukamilifu, aliwafundisha kama malkia anayeweza kumushinda Mufalme wa mbinguni ni unyenyekevu. Mwaka wa 1944, kule Hispania, alitangazwa musimamizi wa wachezaji wa eshéki.

Basi, wazazi, mutoto akikushinda, usizime telefone. Umuulize: "Nilipotelea fasi gani?" Na umuache akujibu mpaka mwisho.