Kuiandaa Kompyuta ya Safari

Tulipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya miezi mitatu, hatukuona haja ya kununua kompyuta mpakato ya bei kubwa. Tulinunua ThinkPad iliyokwisha kutumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Mfumo wake ulikuwa Windows 10, ambao Microsoft iliacha kuupatia marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Tuliufuta, tukaweka Linux Mint, mfumo usiolipiwa, unaokuja pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupiga hesabu.

Habari ya umeme haina makuu. Chaja nyingi huandikwa volti 100–240, hivyo hufaa Ujerumani kwenye volti 230 na hata Marekani kwenye 120. Kinachohitajika ni adapta ya plagi, maana pini zetu tatu za bapa haziingii katika matundu mawili ya mviringo ya Wajerumani.

Lililotusumbua hasa ni kazi ya kubeba. Tulikuwa na kumbukumbu za usomaji za watoto wa darasa la pili: majina, silabi zilizowashinda, na sauti zao wakisoma. Wazazi walitukubalia kwa ajili ya darasa lile. Hawakusema zivuke bahari. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo kila jina tulilibadili kuwa namba, na orodha ya majina ikabaki chuoni, kabatini, chini ya kufuli.

Je, sauti? Mtoto hutambulika kwa sauti yake hata akiitwa Namba 17. Tuliziacha, tukachukua maandishi tu. Hasara ilikuwapo: maandishi hayaonyeshi vema jinsi mtoto anavyosita kabla ya “ng’ombe”, na kusita huko ndiko tulikotaka kuwaonyesha wenzetu. Hata hivyo, hatukuwa na haki ya kukibeba tusichoruhusiwa.

Mwalimu mtarajiwa atauliza: kompyuta ikiibwa kituoni, itakuwaje? Wakati wa kuweka Linux Mint, mtu anaweza kuchagua diski yote isimbwe, isisomeke bila nywila. Achague mapema, kwa kuwa hatua hiyo hufuta yote yaliyomo. Nywila ikisahauliwa, kazi imepotea. Nakala ya pili yapasa kuwapo. Yetu tuliiweka katika flashi iliyosimbwa vilevile, tukaibeba mfukoni, mbali na kompyuta.

Kinga hiyo hukamilika kompyuta ikizimwa kabisa. Wengi wetu hufunika kifuniko tu, nayo ikalala huku ufunguo ungali ndani. Juma moja kabla ya kuondoka tulijizoeza kuizima kila tulipoinuka, hata kwa kikombe cha chai.