Mpigaji na mrushaji, nani zaidi?

Nimepotea kidogo, kazi zimekuwa nyingi, lakini leo nina ugomvi wa nyumbani ambao lazima niutue hapa. Ugomvi wenyewe ni wa kriketi. Najua baadhi yenu mkisikia neno hilo mnaanza kupiga miayo, mnafikiria ule mchezo wa siku tano ambao watu husimama kunywa chai. Tulieni! Nazungumzia kriketi ya siku moja: asubuhi mnaanza, jioni mshindi anajulikana.

Ilianza hivi. Mhariri wangu alitaka orodha ya wachezaji kumi bora wa kriketi ya siku moja wa wakati wote, ya kujaza nafasi iliyobaki kwenye ukurasa wa michezo. Nikaiandika kwa saa moja. Tendulkar, Richards, Kohli, Ponting, Gilchrist, Jayasuriya, de Villiers, Dhoni... wote wapigaji. Mwishoni nikakumbuka kwamba kuna watu wanaorusha mpira pia, nikamweka Wasim Akram namba 9 na Muralitharan namba 10. Nikaenda zangu kula.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu ikalia. Mjomba.

"Mpwa wangu, hii orodha umeiandika wewe?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa hiyo mpira huwa unajirusha wenyewe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakata simu.

Sasa lazima niwaeleze Mjomba ni nani. Alipokuwa kijana hapa Nairobi, kila Jumamosi alikuwa akienda kwenye klabu moja kuwarushia mpira wanachama waliokuwa wakifanya mazoezi ndani ya neti. Analipwa pesa kidogo, anapewa soda, anarusha kuanzia asubuhi hadi kiganja kinachubuka. Wao wanapiga, yeye anarusha. Miaka sita. Nilipokuwa mdogo nilidhani alikuwa mchezaji wa klabu ile. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba hakuwahi kupangwa hata kwenye mechi moja. Ndiyo maana ile simu iliniuma. Nilikuwa nimemfanyia Mjomba yale yale aliyofanyiwa na klabu, tena kwa maandishi na jina langu juu.

Basi nikaamua kulifikiria jambo hili vizuri.

Kwa wasiofahamu: kila timu inapata ova 50, na ova moja ni mipira 6. Jumla mipira 300. Mpigaji akifungua mchezo na asitolewe, sheria haimzuii kukaa pale hadi mpira wa mwisho. Lakini mrushaji haruhusiwi kuzidisha ova 10, yaani mipira 60. Hata awe moto namna gani, akimaliza ova zake anasimama pembeni na kutazama wenzake. Tendulkar alipofikisha mikimbio 200 kule Gwalior mwaka 2010, wa kwanza kwa wanaume katika mechi za kimataifa za siku moja, alikabili mipira 147. Hakuna mrushaji atakayepewa mipira 147 siku hizi. Kwa hiyo tunapolinganisha namba za hawa wawili, tunalinganisha mtu aliyepewa shamba zima na mtu aliyepewa robo eka.

La pili ni kwamba namba za mpigaji zinapanda. Mikimbio 18,426 ya Tendulkar katika mechi 463! Ukiisoma tu unatoa macho. Namba za mrushaji mzuri zinashuka. Joel Garner wa West Indies, jitu la futi 6 na inchi 8, alicheza mechi 98 na akawa anatoa wastani wa mikimbio 3.09 tu kwa ova. Nani ataweka 3.09 kwenye kichwa cha habari? Kazi yake ilikuwa kuzuia, na kilichozuiwa hakionekani popote. Ni kama mlinzi wa usiku. Asubuhi ukikuta kila kitu kipo, humshukuru.

Tazameni fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1979 pale Lord's. Viv Richards alipiga mikimbio 138 bila kutolewa, na West Indies wakafikisha 286. England nao wakaanza kwa heshima, wapigaji wao wawili wa kwanza wakafikisha 129 pamoja. Wakafika 183 wakiwa wamepoteza wiketi 2 tu. Ndipo Garner akawaangukia. Wiketi 8 zikaanguka kwa mikimbio 11, England wote nje kwa 194. Garner peke yake alichukua 5 kwa mikimbio 38. Mchezaji bora wa mechi? Richards. Sisemi alionewa huruma, 138 kwenye fainali si mchezo. Nasema tu kwamba macho yetu yanajua njia moja ya kutazama.

Tena mpigaji anaweza kufanya maajabu na timu ikalala. Novemba 2009 kule Hyderabad, Tendulkar alipiga 175 dhidi ya Australia. India walishindwa kwa mikimbio 3. Kwa nini? Kwa sababu warushaji wao walikuwa wameruhusu mikimbio 350.

Nilipofika hapo nikampigia Mjomba nikamwambia, umeshinda. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, siwezi kuacha upande wa pili, kwa hiyo nikamkumbusha tarehe 24 Februari 2003.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mjomba kwa jirani, amekaa sakafuni mbele ya televisheni, watu wamejaa hadi mlangoni. Kenya ilikuwa ikicheza na Sri Lanka hapa hapa Nairobi, uwanja wa Gymkhana, Kombe la Dunia. Sisi tulikuwa tumepiga 210. Collins Obuya, kijana mwenye mpira wa kuzunguka, akawa anawatoa mmoja mmoja: de Silva, Jayawardene, Sangakkara, watu tuliokuwa tunawasikia tu redioni. Alimaliza na wiketi 5 kwa mikimbio 24. Sri Lanka wote nje kwa 157. Mjomba alilia. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona mtu mzima wa kiume akilia kwa furaha. Mwezi uliofuata tukacheza nusu fainali na India kule Durban.

Lakini Mjomba, nikamwambia, siku ile ile Muralitharan aliwatoa wapigaji wetu 4 kwa mikimbio 28 tu, na bado alishindwa. Kwa hiyo hata mrushaji anaweza kufanya kazi yake yote na kwenda nyumbani mikono mitupu, kama Tendulkar wa Hyderabad.

Akanyamaza. Halafu akasema: "Na Obuya huyo huyo baadaye alifanya nini?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Baada ya 2003 urushaji wa Obuya ulipotea, goti likamsumbua, mpira ukakataa kuzunguka. Mtu mwingine angeacha. Yeye akajifundisha upya, akawa mpigaji. Machi 2011 kule Bangalore, Kombe la Dunia tena, alipiga 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Alibakiza mikimbio 2 tu afikishe 100, ova zikaisha. Mtu mmoja, kazi zote mbili. Na leo ni vijana wangapi wa Nairobi wanaolijua jina lake? Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja mwaka 2014, na kumbukumbu zetu zikaondoka pamoja nayo.

Haya, hii ndiyo orodha yangu mpya, tano tu, wapigaji na warushaji kwenye mstari mmoja:

1. Viv Richards. Wastani wa 47 wakati ambapo watu walikuwa wakipiga polepole, yeye akipiga mikimbio 90 kwa kila mipira 100.
2. Wasim Akram. Wiketi 502. Fainali ya 1992 aliwatoa Lamb na Lewis kwa mipira miwili mfululizo, England wakaisha.
3. Joel Garner. Kwa sababu ya ile 3.09.
4. Sachin Tendulkar. Msinipige mawe! Miaka zaidi ya 20 akibeba matumaini ya watu bilioni moja.
5. Muttiah Muralitharan. Wiketi 534, hakuna aliyemfikia.

Obuya sijamweka, namba zake haziruhusu, na sitaki kudanganya kwa mapenzi. Mjomba nilimsomea Jumapili. Alitaka Garner awe wa kwanza. Tukabishana hadi chai ikapoa.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza kama katika ile miaka sita aliwahi kushika ubao wa kupigia. Akasema mara moja. Mvua ilianza kunyesha, wanachama wakakimbilia ndani, wakaacha vitu vyao kwenye neti. Kijana mwenzake akamrushia mipira minne.

"Ukapiga?"

"Mitatu," akasema. "Wa nne ulikuwa mzuri sana. Yule kijana alijua kurusha."

Hata hapo, sifa alimpa mrushaji. Wikendi njema, wapendwa.